Kuomba programu ya ulezi kwa biashara za chakula Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu ninaokaa nao wakijaza fomu: wapishi wa mkate wa ajemi, vikundi vya asali na mwani, vijana wanaokaanga krispu za ndizi na shelisheli, kina mama wa achari na ubuyu. Nimeyapa namba ili jambo likishaelezwa pahala pamoja nisilirudie pengine. Kila programu ina masharti yake, kwa hiyo soma tangazo lao kwanza, kisha urudi hapa.

## Mambo ya mwanzo

1. Ulezi wa biashara ni kitu gani hasa? Si sawa na semina?

Si sawa. Semina unakaa ukumbini na wenzako wengi siku mbili au tatu, unafundishwa, unarudi kwako. Ulezi, ambao wengine huuita mentashipu, ni mtu aliyekwisha pita njia unayotaka kuipita, anayekaa na biashara yako kwa miezi kadhaa. Atataka kuliona jiko, kulifungua daftari, kukuuliza kwa nini mwezi huu umeuza pungufu na ule uliopita umeuza vizuri.

Mlezi hakufanyii kazi wala hakutafutii wateja. Anakuonesha unapokosea, na wewe ndiye unayekwenda kurekebisha. Ukiingia ukitaraji kubebwa, miezi itapita bure.

2. Je, nitapewa fedha?

Usiombe kwa sababu hiyo. Programu nyengine hutoa ruzuku ndogo mwishoni, nyengine hukuunganisha na mkopeshaji, nyingi hazitoi chochote mkononi. Kama shida yako leo ni mtaji na mengine yote unayaweza, nenda moja kwa moja kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi (ZEEA) au benki, ukaulize mikopo ya wajasiriamali. Nimeona watu wakiacha katikati walipogundua hakuna fedha, na nafasi ile mtu mwengine aliililia. Kuhusu riba, tazama swali la 17.

3. Napikia jiko la nyumbani. Naweza kuomba?

Ndiyo. Wengi walioingia walianzia hapo. Wasomaji wa maombi wanatafuta dalili kwamba biashara inaishi: unauza kila wiki, wateja wanarudi, na kuna kitu kinachokuzuia kwenda mbele. Dada anayekaanga bajia kila alasiri kwa miaka mitatu ana mengi ya kuonesha kuliko mwenye nembo iliyochorwa vizuri asiyekuwa na mnunuzi hata mmoja.

Lakini anza kutenganisha. Sufuria za biashara ziwe mbali na za nyumbani, unga wa biashara usichotwe kwa chapati za watoto, na fedha ziwe na mkoba wake. Utaulizwa.

4. Nina wazo tu, sijaanza kuuza. Je?

Programu ya biashara zinazokua haitakufaa bado. Pika mkupuo mmoja, uza kwa watu wasio jamaa zako, andika walichosema na ulichopata. Ukifanya hivyo mara kumi utakuwa na cha kuombea.

## Usajili na vibali

5. Lazima biashara iwe imesajiliwa kabla ya kuomba?

Baadhi wanataka hivyo, baadhi wanakubali ujisajili ukiwa ndani. Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Mambo ya kodi yako kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), na kodi ya mapato iko kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kiwe hai, si kile kilichokwisha muda.

Wengi huombwa pia barua ya sheha. Usiiache hadi siku ya mwisho. Sheha naye ana mazishi, ana vikao, ana ugomvi wa mipaka ya mashamba, na fomu yako haitamsubiri.

6. ZFDA na ZBS: nianzie wapi, na fomu inataka kipi?

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) anashughulika na usalama wa chakula: unapopikia, maji unayotumia, afya ya wapishi. Taasisi ya Viwango (ZBS) inaitazama bidhaa yenyewe kama inalingana na kiwango, na ndiyo inayotoa alama ya ubora. Kwa hiyo anzia unapopikia. Bidhaa iliyotoka chumba kisichofaa haiwezi kukaa vizuri kwenye vipimo.

Kwenye fomu andika ulipofika, hata kama ni hatua ya kwanza. “Mkaguzi alikuja, akataka wavu kwenye madirisha matatu, nimeweka mawili” ni jibu zuri sana. “Kibali kinashughulikiwa” halimwambii msomaji kitu, na kila aliyewahi kusoma maombi analijua neno hilo.

7. Bidhaa yangu inahitaji kupimwa maabara kabla ya kuomba?

Kwa kuomba tu, mara nyingi hapana. Lakini ujue hatari ya chakula chako, kwa sababu mahojiano yatafika huko.

Achari na sosi ya pilipili: jambo kubwa ni ukali wa asidi, yaani uchachu wake, si ukali wa pilipili. pH ndiyo inayoupima, na ikipanda uchachu umepungua. Kipimo cha pH kikizidi 4.6 ndani ya chupa iliyofungwa, bakteria wanaotoa sumu ya botulizimu wanaweza kukua, na sumu hiyo inaua. Siki, ndimu au ukwaju ndio ulinzi wako, si ladha pekee. Asali: maji yasizidi asilimia 20, la sivyo huchacha, na usimuuzie mama kwa ajili ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kashata na karanga: sumukuvu. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya maikrogramu 10 kwa kilo. Karanga yenye kuvu haisalimiki kwa kukaangwa, kwa hiyo ichambue kabla haijaingia sufuriani. Dagaa: mchanga na unyevu, yaani unavyoanika.

Ukiweza kusema sentensi mbili kama hizi kuhusu bidhaa yako, umeshawazidi waombaji wengi.

8. Lebo yangu nimeandika kwa mkono. Nitakataliwa?

Hapana. Wanachoangalia ni kama kuna jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi zaidi, uzito halisi, jina na anwani yako, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namba ya bechi, yaani ya mkupuo ilimopikwa. Namba ya bechi ndiyo inayosahauliwa. Siku chupa moja ikifura, utajuaje ni zipi nyengine za kurudisha?

Bakodi (ile ya Tanzania huanza na 620) ni ya baadaye, utakapoingia duka kubwa.

## Kujaza fomu

9. Fomu ni ya Kiingereza na mimi sikukaa skuli sana. Nifanyeje?

Kwanza uliza kama wanapokea Kiswahili; wengi wanapokea ila hawakuandika. Kama hawapokei, jibu maswali yote kwa Kiswahili kwenye karatasi, kwa maneno yako, ndipo umpe mtu akutafsirie. Usimpe mtu fomu tupu akujazie. Atakuandikia maneno makubwa yanayofanana na ya watu mia, na siku ya mahojiano utaulizwa maana ya sentensi usiyoijua.

10. Pale panapoulizwa “changamoto zako”, niandike nini? Naogopa nikisema kweli watanikataa.

Andika kweli. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Watu huandika “mtaji mdogo, soko, vifaa duni”, na msomaji ameyaona maneno hayo tangu asubuhi. Mlezi anataka kujua pahala ulipokwama ili aone kama ana cha kukusaidia.

Mama mmoja wa ubuyu aliandika hivi: “Mvua za masika zikianza ubuyu wangu unanata kwenye mfuko, madukani wanaurudisha, na mimi sijui kama tatizo ni sukari, mfuko au pahala ninapohifadhi.” Hakujua jibu, lakini swali lake lilikuwa limekamilika. Mlezi yeyote anayejua vifungashio angetamani kukaa naye. Linganisha na “changamoto ya hali ya hewa”.

Mimi maombi yangu ya kwanza sehemu hii niliiacha karibu tupu, nikidhani nitaonekana nimejiweza. Nilikataliwa, na walikuwa na haki, maana sikuwapa kazi ya kufanya.

11. Wanaposema “gharama ya kuzalisha bidhaa moja”, nahesabu vipi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayobadilisha watu hata kabla hawajachaguliwa.

Chukua achari ya embe. Bei hizi ni za kujifunzia tu, weka zako. Umepika mkupuo wa chupa 40. Embe shilingi 24,000, pilipili, haradali, manjano, chumvi na siki 16,000, mafuta 20,000, chupa na vifuniko 28,000, lebo 8,000, gesi 8,000. Jumla 104,000. Gawa kwa 40, kila chupa imekugharimu 2,600. Unamuuzia mwenye duka kwa 4,000, unajiona una faida ya 1,400 kwa chupa. Hivi ndivyo karibu kila mtu anavyohesabu.

Sasa rudi nyuma. Embe hazikujimenya. Wewe na binti yako mlikaa siku mbili, mmoja anakata, mwengine anapika na kujaza. Ungemwajiri mtu ungempa, tuseme, 10,000 kwa siku. Watu wawili, siku mbili: 40,000. Kubeba mzigo hadi bandarini na kuusafirisha: 10,000. Jumla imekuwa 154,000, na kila chupa ni 3,850. Faida yako ni shilingi 150.

Halafu boti ilichafukwa na bahari, boksi halikufungwa vizuri, chupa 3 zikavunjika. Umeuza 37 kwa 4,000, umepata 148,000. Umefanya kazi siku mbili na umepoteza 6,000, na mkononi una noti nyingi zinazokufanya uamini umepata.

Wengi wakifika hapa hunyamaza. Mmoja alinitazama akasema, “Kumbe miaka yote nilikuwa nalipwa na binti yangu.” Ukiona hesabu yako imetoka hivi, usiifiche wala usiipambe. Iandike kama ilivyo, kisha ongeza ulichofikiria: kupandisha bei, chupa ndogo, kununua embe msimu ulipokaza na kuzitia chumvi, au kutafuta mnunuzi wa karibu. Mtu aliyeiona hasara yake mwenyewe analeleka.

12. Sina daftari la mauzo. Nitunge?

Usitunge, nambari za kutunga hujionesha, kila mwezi unapanda sawasawa. Badala yake kusanya ulichonacho: ujumbe wa miamala ya simu, risiti za sukari na mafuta, daftari la wenye duka wanaokudai au unaowadai. Kaa usiku mmoja uvipange kwa miezi. Kisha anza daftari leo, safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, maelezo. Kwenye fomu sema wazi rekodi zako zimeanza lini.

Na ukichukua mkate au asali kwa matumizi ya nyumbani, iandike pia. Imetoka.

13. Niandike kwamba nataka kuuza kwenye mahoteli?

Kila mtu anaandika hivyo, na si vibaya. Ila hoteli haitaki utamu peke yake. Inataka mzigo uleule kila wiki, ladha ileile, risiti ya kielektroniki, na subira ya kulipwa baada ya wiki kadhaa. Na mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika, hoteli nyingi za pwani hupunguza kazi au hufunga kabisa. Ukiandika utauza hoteli, andika pia utaishi vipi miezi hiyo na utakaa siku ngapi bila malipo. Kama huwezi, basi soko lako la sasa ni Mwanakwerekwe, Darajani, Chake Chake, na hakuna aibu hapo.

## Kutembelewa na mahojiano

14. Watakuja nyumbani? Nijiandae vipi?

Wakija, watataka kukuona ukifanya kazi. Usisimamishe upishi ili upange viti. Funga nywele, vua bangili na pete, nawa mikono mbele yao kama unavyonawa kila siku, wape waone ghala na ndoo ya maji. Bidhaa ya kuonja itoke kwenye mzigo wa kuuza. Kupika mkupuo maalumu kwa ajili ya wageni ni kuwaonjesha kitu ambacho mteja wako hakipati.

15. Nitalazimishwa kutoa siri ya mapishi?

Kwenye maombi, hapana. Taja viambato, ambavyo hata hivyo vitakuwa kwenye lebo, na usitaje vipimo. Ukishaingia, mlezi anayekusaidia kurekebisha ukali wa achari atahitaji vipimo, na hapo una haki ya kuomba mkataba wa kutunza siri. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Anayekasirika kwa kuombwa hivyo amekupa jibu.

## Walioko Pemba

16. Niko Pemba na vikao viko mjini Unguja. Niombe?

Omba, na uandike bila woga kwamba uko Pemba. Uliza mapema mambo matatu: nani analipa nauli ya boti na malazi, vikao vingapi vinaweza kufanywa kwa simu, na kama mlezi atakuja kwako walau mara moja. Kwa mtu wa Micheweni, kikao cha saa mbili mjini ni siku mbili au tatu za kazi: gari hadi Mkoani, boti, kulala kwa jamaa, kurudi. Programu isiyoijua hesabu hiyo inahitaji kuambiwa.

Nasema hili kwa uchungu kidogo. Pemba ina embe, asali, viungo na mikono inayojua kazi, na bado waombaji wake huwa wachache kwa sababu tu tangazo lilibandikwa ng'ambo. Ukiliona, lipeleke kwenye kundi la simu la shehia yako.

## Hali maalumu

17. Programu inaunganisha na mikopo, na mimi sitaki riba.

Sema tangu mwanzo, si siku ya kutia sahihi. Ulezi wenyewe hauna riba. Kama baadaye utahitaji mtaji, Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma za Kiislamu, na mlezi anaweza kukusaidia kuzilinganisha. Kukataa mkopo kusikuondoe kwenye nafasi. Wakikwambia kunakuondoa, hiyo ni programu ya mikopo.

18. Bidhaa yangu ina karafuu. Kuna tatizo?

Karafuu kavu Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) peke yake, na kuivusha kinyume ni magendo. Kama unatia karafuu kwenye viungo vya pilau au chai, waulize ZSTC utaratibu wa kuipata kihalali, na weka risiti. “Natoa shambani kwa babu” linaweza kuwa kweli, lakini kwenye fomu litakuletea maswali usiyoyatarajia.

19. Sisi ni kikundi cha watu kumi na tano. Nani aombe?

Ombeni kwa jina la kikundi, na mchague wawili wa kuhudhuria: anayejua upishi na anayeshika fedha. Si lazima awe mwenyekiti. Andikeni muhtasari wa kikao mlichochagua, wote wamesaini. Nimeona kikundi kizuri cha mwani kikivunjika kwa sababu aliyekwenda kwenye mafunzo hakurudi kusimulia.

20. Namba ya miamala na akaunti ni za mume wangu. Nitumie hizo?

Usitumie. Fungua namba kwa jina lako kabla ya kuomba. Si kwa sababu ya kumshuku mtu. Ni kwamba mauzo yako yakipita kwenye namba yake, hakuna karatasi inayoonesha kwamba biashara ni yako, na ujumbe wa miamala niliousema katika swali la 12 utakuwa kwenye simu isiyo yako.

21. Nimepigiwa simu nitume ada ili nichaguliwe.

Usitume. Programu yenye ada huitangaza kwenye tangazo na kutoa risiti. Piga namba iliyoko kwenye tangazo, si ile iliyokupigia, na uulize.

22. Nilikataliwa. Niombe tena?

Omba. Kwanza waandikie kwa adabu uulize sehemu gani ilikuwa dhaifu; wengine hujibu. Usirudishe fomu ileile. Rudi na miezi sita ya daftari na kitu kimoja ulichokirekebisha mwenyewe, na ukitaje katika mistari ya mwanzo.

23. Nimechaguliwa, lakini mlezi niliyepangiwa anauza bidhaa kama yangu.

Inatokea, visiwa ni vidogo. Usinyamaze wala usigombe. Mwandikie msimamizi, si mlezi, ueleze kwamba mnauza kwa maduka yaleyale na ungependa mlezi mwengine. Wakati unasubiri jibu, nenda kwenye vikao, jadilini daftari na lebo, na vipimo vya mapishi vibaki nyumbani mpaka karatasi ya swali la 15 itiwe sahihi.